Tarumbeta Lenye Mwenyewe

Sitaki mtu aniambie niliota. Nilikuwa macho, tumbo limeshiba, sijanywa kitu zaidi ya chai, na jua lilikuwa likiniwaka utosini. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Kator, mtaa wetu hapa Juba, nawajua: ukiwaeleza jambo, swali la kwanza ni ulikuwa umekunywa nini. Halafu mambo ya namna hii wamezoea kuyasikia yakitokea usiku, gizani, mtu akitoka kilabuni peke yake. Yangu yalitokea alasiri, mwanga mweupe kabisa, wanawake wakifua nguo mtoni karibu na hapo. Ningefurahi kama ingekuwa giza. Ningekuwa na kisingizio.

Na mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nilivuka mpaka kwenda Uganda nikiwa nimebebwa mgongoni, nikarudi Juba kwa miguu yangu mwenyewe, na diploma ya usimamizi wa biashara kutoka Kampala ndani ya begi. Hakuna mjomba aliyeniwekea kiti ofisini. Nilianza kwa kuuza misumari ya kupima, na leo duka langu la vifaa vya ujenzi lina saruji, mabati, rangi na jenereta ambayo haijawahi kuazimwa kwa jirani. Diploma imetundikwa juu ya kaunta, ndani ya kioo. Mteja akiingia huiona kabla hajaniona mimi. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilikagua kitu kabla ya kununua, amini kwamba nilikikagua.

Basi sikiliza jinsi nilivyofikia mimi, mtu wa saruji, kutafuta tarumbeta.

Baba yangu alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa kule kambini, kaskazini mwa Uganda. Tarumbeta lilikuwa moja, mali ya kanisa, na mpigaji alikuwa mmoja. Akifa mtu, awe mkubwa au mtoto mchanga, baba alivaa shati lake jeupe akaenda kusimama kando ya kaburi. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupuliza, alibonyeza vali zote tatu, vile vitufe vya juu, kwa pamoja, mara mbili, tap tap, kama mtu anayebisha hodi. Ndipo wimbo ulipofuata. Sisi watoto tukiisikia ile hodi tulinyamaza kabla hata ya wimbo kuanza. Aliwapigia watu wote wa kambi ile. Siku alipokufa yeye, hapakuwa na mtu wa kumpigia. Tulimzika kimya, kama kitu cha wizi. Njiani kurudi mama alisema neno moja tu: "Wote aliwasindikiza, yeye amekwenda peke yake."

Miaka ilipita, tukarudi, tukaileta mifupa yake Rejaf, nyumbani kwao. Likabaki jambo moja, matanga ya mwisho. Kwetu siku hiyo ndiyo inayofunga kila kitu. Kaburi linajengwa kwa saruji, msalaba unasimamishwa, watu wanakula, marehemu anaagwa. Kabla ya siku hiyo mtu bado yuko njiani, na vitu vyake havitoki nyumbani. Kiti chake hakiuzwi. Nguo zake hazigawiwi. Hata jembe lake linaachwa pale alipoliegemeza.

Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema: saruji ni yangu, fahali ni wangu, na tarumbeta nitalipuliza mimi, mwanawe, kwa mdomo wangu huu. Shangazi zangu walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Aliniangalia tu, akasema, "Sawa, baba. Usiseme halafu usahau."

Sikusahau. Shida ilikuwa kwamba sijawahi kupuliza hata filimbi ya refa.

Bendi ya kanisa letu inafundishwa na Mkenya mmoja anayeitwa Barasa, mhasibu wa hoteli, mtu wa utani mwingi. Nilimweleza haja yangu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Boss, umri huu? Midomo yako imezoea kubishana bei, leo unataka iimbe?"

"Wimbo mmoja tu," nikamwambia. "Ule wa baba."

Nilimwimbia. Akausikiliza, utani ukamtoka usoni. Akasema wimbo ule una noti chache, mtu mwenye kichwa kigumu anaweza kuujua kabla ya siku yenyewe, mradi apulize kila siku. Lakini tarumbeta la kanisa haliendi nyumbani kwa mtu. "Nunua yako. Mpya ya bei rahisi achana nayo, hiyo ni pambo la sebuleni, vali zinakwama kabla hujajifunza kuzishika. Tafuta ya zamani iliyotengenezwa vizuri. Na usinunue bila mimi, boss. Nakuomba."

Sasa, nilikuwa najenga kaburi, nanunua fahali, nalisha ukoo unaotoka Adjumani na Kajo-Keji. Sikuwa na fedha za kuchezea. Na sikuhitaji kusindikizwa sokoni kama bibi harusi. Mtu aliyejifunza kupima ubora wa saruji kwa vidole anaweza kujifunza kupima bomba la shaba. Nilikaa na simu jioni kadhaa nikasoma, nikaangalia video, nikaelewa. Tarumbeta la mitumba lina maradhi yake kama gari la mitumba, na ukiyajua hakuna wa kukuuzia uchafu.

Mmoja alijaribu. Huyo alikuwa na kibanda cha spika na magitaa, akaniletea tarumbeta linalong'aa kama jino la dhahabu. Nilipitisha kidole kwenye mdomo wake mpana nikahisi mawimbi: liliwahi kukanyagwa, likagongwa na nyundo, likapakwa rangi. Rangi! Nilimwambia aliuze kama chombo cha maua. Akaniita bakhili. Nikamwita mwizi. Tukaachana hivyo.

Kisha mteja wangu mmoja akaniambia kuna kijana kule Gumbo, ng'ambo ya daraja, anauza tarumbeta la kweli. Nikapanda pikipiki nikaenda.

Huyo kijana aliitwa Sebit. Alikuwa na kibanda cha kuchaji simu kando ya barabara ya Nimule, shati zuri, macho yasiyotulia. Alilitoa sanduku chini ya meza kwa kulisukuma na mguu. Kwa mguu! Nilidhani ni dharau tu. Nikamwambia alifungue.

"Fungua wewe, mkubwa," akasema. "Mimi iko na mafuta kwa mkono."

Mikono yake haikuwa na mafuta. Niliiona. Lakini nilikuwa nimeshalifungua sanduku, na ndani yake, rafiki yangu, kulikuwa na kitu kizuri. Shaba iliyofifia kidogo, bila rangi ya kudanganya, imeshikwa na mkono mmoja kwa miaka mingi mpaka imelainika mahali pa vidole. Nilibonyeza vali moja moja: zilishuka bila mchakacho, zikarudi juu haraka. Nikavuta mirija yote ya kurekebisha sauti, ikatoka bila kulazimishwa. Nikachungulia ndani ya mrija wa kwanza kutafuta madoa mekundu, ambayo ni shaba inayooza kutoka ndani na hakuna fundi wa kuiponya. Hakuna doa. Kitundu cha kutolea mate kilikuwa na kizibo kipya. Nikavuta mrija mmoja huku vali yake iko juu, ukatoa ule mlio wa kizibo cha chupa, maana yake hakuna hewa inayovuja. Sasa niambie, hata huyo Barasa angefanya nini zaidi?

Kitu kimoja kilikosekana. Kile kipande kidogo unachowekea midomo, kwenye bendi wanakiita kidomo. Shimo lake sandukuni lilikuwa tupu.

"Kidomo kiko wapi?"

"Ilipotea, mkubwa. Wakati ya kuhama."

"Na tarumbeta ni la nani?"

"Ya mjomba. Amezeeka, meno yote imekwisha. Mtu bila meno atapuliza nini? Wallahi, ukichukua umemsaidia."

Bei ilikuwa ya kunifurahisha. Kidomo Barasa angeniazima. Nililipa. Sebit aliomba nimwekee fedha mezani, asizipokee mkononi mwangu, kwa sababu mkono huo ulikuwa umelishika tarumbeta. Hilo nilikuja kulielewa baadaye, na kila nikilikumbuka natamani kurudi nimpindue na meza yake.

Barasa alilipiga, akalisifu. Akanuna kwamba sikumngoja, kisha akaniazima kidomo akanionyesha namna ya kubana midomo. Nikaanza. Majirani walivumilia siku mbili. Siku ya tatu mama mmoja wa nyuma ya ukuta akauliza kwa sauti kama tunachinja punda. Tangu hapo, nikifunga duka mapema, nilipanda pikipiki nikashuka upande wa Rejaf, mahali watu wanapochoma matofali kando ya mto. Mvua zikianza matanuri yale hulala. Kunabaki marundo ya matofali, majani, na nafasi ya mtu kupuliza vibaya bila kutukanwa.

Na hapo ndipo alipokuja.

Nilikuwa nimepuliza mpaka midomo imekufa ganzi. Niliposhusha tarumbeta nikamwona mtu ameketi juu ya rundo la matofali, karibu sana, kana kwamba alikuwepo tangu mwanzo. Mwembamba, mtu mzima, kaunda suti ya khaki ya wanabendi, imepigwa pasi, kifungo cha juu hakipo. Nikakitazama kiatu chake. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, mimi nilikuwa na tope mpaka kwenye magoti. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, safi, vinang'aa. Ulishawahi kuona kiatu kinachong'aa kando ya tanuri la matofali, msimu wa mvua? Mimi pia sijawahi.

"Wewe napuliza kama mtu anapoza chai," akasema.

Nilikasirika. Nimelipia kitu changu, nimekuja mbali kutafuta upweke, halafu mtu nisiyemjua ananitania. Nikamuuliza yeye ni nani wa kunifundisha.

"Mimi? Mimi iko tu. Lete, nikuonyeshe."

Kwa nini nilimpa? Usiniulize. Alinyoosha mkono, nami nikampa, kama vile unavyompa mtu kofia yake. Alilipokea kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kuisema vizuri. Vidole vyake vilitua mahali pale palipolainika, vikakaa, vikaenea barabara. Akaweka mdomoni. Mashavu yakajaa. Vidole vikaanza kukimbia juu ya vali, tiki-tiki-tiki-tiki, wepesi kama mvua juu ya bati.

Hakikutoka kitu. Hata ile fuu ya hewa haikutoka. Alipiga wimbo mzima bila sauti, ameyafumba macho, na kifua chake, nilikuwa namtazama karibu kabisa, kifua chake hakikupanda wala kushuka.

Nilitaka kuondoka. Lakini tarumbeta langu alikuwa nalo yeye. Chini yetu wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wanacheka jambo lao, nasikia kila neno.

"Vidole bado iko," akasema kwa upole, akinirudishia. "Pumzi ndiyo hakuna. Wewe puliza. Mimi nashika."

Akasimama nyuma yangu, akapitisha mkono chini ya kwapa langu, akaweka vidole vyake juu ya vyangu. Baridi. Si baridi ya maji, ni baridi ya chuma kilichosahauliwa kwenye udongo. Nami nikapuliza, kwa sababu ya woga, au kwa sababu mwili ulishaamua. Wimbo ukatoka. Mimi, niliyekuwa nachinja punda dakika chache nyuma, nilitoa wimbo ambao ungemfanya askofu asimame. Ulikuwa wa polepole, wa kanisani, na mwisho wake ulipanda noti tatu juu kama mtu anayepanda ngazi halafu akaachia hapo hapo juu bila kushuka. Sikuwahi kuusikia maishani. Chini mtoni kicheko kilikatika. Wanawake walikuwa wamesimama na nguo mikononi, wanatazama juu.

"Hiyo ndiyo yangu," akasema sikioni mwangu. Hapakuwa na joto la pumzi kwenye maneno yale. "Niliwapigia wote. Mimi hawakunipigia. Wakauza hii kabla ya matanga yangu. Wewe iko nayo sasa. Nipigie, kule Gumbo, kwa kaburi. Watu wasikie."

Hapo ndipo woga wangu ulipogeuka hasira, na sioni aibu kusema. Niliwapigia wote, hawakunipigia. Maneno yale yalikuwa ya baba yangu! Mtu huyu amekuja kuniomba haki ileile ninayomtafutia baba kwa jasho langu.

"Baba yangu kwanza," nikamwambia. "Jumamosi hii. Nikimaliza naye, tutazungumza habari zako."

"Baba yako angoje," akasema. "Mimi nilishika hii kabla yako."

"Nimesema baba yangu kwanza!"

Nilipiga kelele, nikageuka. Matofali. Majani. Tope, na ndani ya tope hamna alama ya kiatu chochote isipokuwa changu. Mwanamke mmoja akanipigia kelele kutoka mtoni: "Ya jamaa, unagombana na nani?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa Gumbo kabla Sebit hajafungua kibanda. Aliliona sanduku mkononi mwangu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bati. Sikuhitaji kumuuliza mengi. Mjomba hakuzeeka. Mjomba alikufa, mwanzo wa mwaka. Alikuwa kiongozi wa bendi ya kanisa moja pale pale Gumbo, na desturi ya wale wanabendi ni kwamba mwenzao akifa anazikwa na kidomo chake. Tarumbeta linamngoja nyumbani mpaka matanga ya mwisho, wenzake wanampigia wimbo wake kwa tarumbeta lake, ndipo linapewa mrithi. Sebit alilitoa ndani wakati wajane bado wamekaa chini kwa msiba. Aliuza kitu cha maiti ambaye hajaagwa, na akamuuzia mtu mzima mwenye diploma kwa hadithi ya meno!

"Lichukue," nikamwambia. "Leo. Sitaki chochote, lichukue tu. Waite wanabendi wampigie mzee wao."

"Bendi imevunjika, mkubwa. Kila mtu amekwenda kwake." Akaificha mikono kwapani. "Na mimi sigusi hiyo kitu. Niligusa mara moja tu." Akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vitatu vya katikati vilikuwa vimejikunja kidogo, na alipokigusa kikombe cha chai ya moto, aliviweka pale bila kushtuka. Hakusikia joto. "Malesh, mkubwa, samahani. Malesh. Nilidhani ukipeleka mbali, ng'ambo ya daraja, yeye atachoka."

Atachoka! Huyo ndiye mtu aliyeniuzia. Alijua. Alinitazama nikichungulia mirija na kubonyeza vali, alijua, akaniacha niendelee kujipongeza. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, watu wakajaa barabarani, na mwisho nikaondoka na sanduku langu kwa sababu sikuwa na pa kulitupa.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na maiti. Nilifikiri kama mfanyabiashara. Yule anafuata tarumbeta lake, basi. Nikalifungia dukani nyuma ya mifuko ya saruji, kufuli mbili, nikaenda kumwomba Barasa lile la kanisa kwa siku ile moja tu. Alikataa, nikamweleza kila kitu, akaacha kukataa. "Hii mambo yenu ni nzito, boss," akasema. "Chukua. Ukirudisha, usiniambie ilikuwaje." Nilifanya mazoezi nalo pale kanisani jioni zilizobaki, chini ya macho yake. Wimbo wa baba ulitoka. Haukuwa mzuri, lakini ulitoka, noti kwa noti, na Barasa aliinua kidole gumba.

Jumamosi ukoo wote ulikuwa Rejaf. Kaburi lilikuwa limejengwa, saruji laini kama meza, msalaba umenyooka. Nilivaa shati jeupe. Mama alikuwa ameketishwa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Mchungaji akamaliza kuomba, akaniashiria. Nikasogea. Nikabonyeza vali zote tatu kwa pamoja, mara mbili, tap tap, kama alivyofanya yeye. Nikasikia wazee wakivuta pumzi. Waliikumbuka ile hodi. Mama akafumba macho. Nikaweka midomo, nikapuliza.

Vidole vya baridi vikatua juu ya vyangu.

Nilijaribu kuacha. Naapa nilijaribu. Pumzi ilinitoka kama maji kwenye ndoo iliyotobolewa, na wimbo uliotoka ulikuwa ule wa tanurini. Wote, toka mwanzo hadi mwisho, polepole, mzuri, mzuri kupita kiasi, mpaka zile noti tatu za kupanda ngazi. Zilibaki juu ya makaburi ya Rejaf, hazikushuka.

Na unajua watu walifanya nini? Walilia. Walilia kwa furaha! Shangazi walipiga vigelegele, wazee wakanishika bega, mjomba wangu mmoja akatangaza kwamba hajasikia tarumbeta kama lile tangu azaliwe, kwamba damu ya baba imerudi. Nilipewa mikono mpaka mkono ukauma. Nilisifiwa, mbele ya ukoo wangu wote, kwa wimbo ambao sikuupiga mimi, aliopigiwa mtu ambaye si wetu, juu ya kaburi nililolijenga kwa saruji yangu. Hasira gani itatosha kwa jambo kama hilo? Niambie.

Mama alingoja mpaka watu wakaenda kwenye chakula. Alinivuta mkono, nikainama.

"Huo si wimbo wa baba yako," akasema. "Umempigia nani?"

Sikumdanganya. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake kando ya kaburi.

Yule wa Gumbo hajaonekana tangu hapo. Kaburi halikuwa lake wala hapakuwa Gumbo, lakini wimbo wake ulipigwa na watu wakasikia; alipata alichotaka, akaenda zake. Mara nyingine naambiwa nimhurumie. Nimhurumie kwa nini? Alikuwa na haki, sawa. Lakini haki yake aidai kwa Sebit, aidai kwa ukoo wake, asije kuila sahani ya baba yangu. Ndiyo, nina hasira na marehemu. Nimesema.

Na alichochukua pale tanurini nilikielewa kwa kuchelewa. Nilidhani anataka tarumbeta, kumbe alitaka pumzi, nami nilimpa kwa mdomo wangu. Tangu Jumamosi ile siwezi kupuliza. Nimejaribu la kanisa, nimejaribu filimbi, nimejaribu hata kupoza chai, naona aibu kukuambia. Naongea, napanda ngazi za duka, nabeba mfuko wa saruji, daktari ananipima ananiambia mapafu ni ya kijana. Lakini nikiweka midomo kwenye kitu ili kitoe sauti, hewa inafika hapa kooni inakwisha. Vidole vitatu vya mkono wa kulia nimeacha kuvipasha moto. Havipati joto.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza tarumbeta, mfuko wako mdogo, unatafuta la mitumba: chungulia mirija, bonyeza vali, sikiliza ule mlio wa kizibo. Vyema, fanya hivyo. Lakini kabla hujalitoa sandukuni, mwangalie anayeliuza. Analigusa? Muulize nani alilipiga mwisho. Akikwambia habari za meno, muulize nyumba iko wapi, nenda mwenyewe ukaone hayo meno. Na kama mpigaji amekufa, uliza kama aliagwa, na nani alimpigia. Hakuna jibu, hakuna biashara. Toka hapo, hata likiwa la bure.

Tarumbeta lenyewe bado liko dukani. Hakuna anayelitaka, na kulitupa mtoni siwezi tena, kwa sababu ya jambo lililoanza wiki moja baada ya matanga. Mama hupenda kukaa dukani alasiri, karibu na kaunta, chini ya diploma. Tulikuwa wawili tu. Kutoka nyuma ya mifuko ya saruji, ndani ya sanduku lililofungwa kufuli, tukasikia vali zikishuka. Si ule wepesi wa mvua juu ya bati. Zote tatu kwa pamoja. Mara mbili. Tap tap.

Barasa alijitolea kuja kumpigia. Mama alikataa. "Habishi hodi kwa Barasa," akasema.

Sasa ni kila alasiri. Wateja wanadhani ni panya. Tap tap, halafu kimya kile tulichokijua utotoni, kimya cha kungoja wimbo uanze. Mama anainua kichwa, ananitazama.

"Mfungulie baba yako," ananiambia.

Na mimi sina pumzi.